Mwanamke wa Kitabuni na Mwanamke wa Runingani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyo hapa chini yamekuwa yakirudi kila tunapozungumza juu ya tamthilia za fantasia hapa Mwanza, iwe ni Nyegezi baada ya vipindi vya chuo au kwenye baraza za mjini, ambako mtu mmoja amesoma kitabu na wengine kumi wametazama. Majibu ni ya mtu mmoja aliyesoma kwanza na kutazama baadaye, na hajaficha upande anaouegemea. Asiyependa kuambiwa mwisho wa hadithi kabla hajaufikia aishie hapa, kwa kuwa haiwezekani kueleza mabadiliko bila kueleza kilichobadilishwa.

Kwa nini riwaya ikiingia runingani, wanawake ndio hubadilishwa zaidi?

Sababu ya kwanza inatokana na chombo chenyewe. Kitabuni msimulizi anaweza kumtaja malkia kwa sentensi moja, akasema alikuwa mpole na alifariki akijifungua, kisha akaendelea na vita vyake. Runingani malkia huyo lazima awe na mwigizaji, na mwigizaji lazima awe na uso, mavazi, sauti na jambo la kufanya wakati mumewe anazungumza. Kwa kuwa riwaya nyingi maarufu za aina hii ziliandikwa kwa macho ya wanaume wanaosafiri na kupigana, waliobaki nyumbani kama vivuli ni wanawake, na kivuli hakipigwi picha.

Chukua mfano wa J. R. R. Tolkien. Katika nyongeza za The Lord of the Rings, iliyotoka mwaka 1954 na 1955, anaeleza kwamba wanawake wa mbilikimo wachimba madini ni kama theluthi moja tu ya jamii yao, na anamtaja kwa jina mmoja peke yake, Dís. Tamthilia ya The Rings of Power ilipoanza mwaka 2022 ikamleta Disa, mke wa mwana wa mfalme, anayeiimbia miamba. Wako waliolalamika kwamba Disa hayumo kitabuni, na ni kweli hayumo, lakini kitabu hichohicho kinakiri kwamba wanawake walikuwemo mle pangoni. Ni kwamba hakikupiga hodi mlangoni kwao.

Sababu ya pili ni biashara, na haihitaji maelezo marefu: anayemwaga mamilioni ya dola kwenye tamthilia hataki nusu ya sebule inyanyuke kwenda jikoni.

Je, mwanamke akipewa upanga ndiyo amepewa nguvu?

Si lazima. Galadriel wa tamthilia hiyohiyo ni kamanda anayemsaka adui kwenye barafu, ilhali katika The Lord of the Rings nguvu zake zinaonekana pale anapoletewa pete mkononi na kuikataa. Siwalaumu sana waandishi, kwa sababu maandishi mengine ya Tolkien yanamwonyesha Galadriel kijana akitamani nchi ya kuitawala kwa matakwa yake mwenyewe. Ila kipimo changu hakihesabu mapanga. Mimi huhesabu maamuzi: mwanamke huyu ameamua nini, na uamuzi wake umemgharimu nani?

Kwa kipimo hicho, badiliko kubwa kuliko yote ninayoyajua ni dogo kiasi kwamba wengi hawalioni. Katika A Game of Thrones, riwaya ya George R. R. Martin ya mwaka 1996, mfalme anamtaka Ned Stark awe msaidizi wake mkuu. Ned hataki. Mkewe, Catelyn, ndiye anayemweleza kwamba mfalme hakataliwi, kwamba kukataa kutazaa shaka, na kwamba binti yao ataolewa awe malkia. Barua ya siri ya dada yake inapoingia usiku, ni yeye anayeshikilia kwamba sasa mumewe hana budi kwenda kuutafuta ukweli. Katika tamthilia ya Game of Thrones iliyoanza mwaka 2011, Catelyn anamsihi mumewe abaki, na hoja za kisiasa anazitoa Luwin, msomi wa nyumba yao. Maneno yamehama kutoka kinywa kimoja kwenda kingine, jambo la dakika chache, na mwanasiasa amegeuka mke mwenye wasiwasi. Hakuna aliyempokonya upanga, maana hakuwa nao. Alichopokonywa ni shauri, na pamoja na shauri akapokonywa hatia: msiba unapoiangukia familia, Catelyn wa kitabuni anajua kwamba mkono wake umo, na kila sura yake inayofuata imelemewa na ujuzi huo, lakini Catelyn wa runingani anaomboleza mambo aliyokwisha kuyakataza.

Ikumbukwe pia kwamba Martin huandika kila sura kupitia fikra za mhusika mmoja. Catelyn ana sura zake, mwanawe Robb hana hata moja, kwa hiyo vita vya kijana huyo tunavisoma kwa macho ya mama. Kamera ilipofika kambini ikamfuata kijana.

Kwa nini wahusika wengine wa kike hutoweka na wengine huzuliwa?

Kutoweka kunaelezeka: The Wheel of Time ya Robert Jordan ina vitabu 14, na kila msimu wa tamthilia yake ulipewa sehemu 8 tu. Swali gumu ni nani anayetolewa. Katika nchi ya Dorne, kwa mujibu wa Martin, urithi humwendea mtoto wa kwanza awe wa kike au wa kiume, na Arianne, mtoto wa kwanza wa mtawala, anajaribu kuitumia sheria hiyo kumtawaza binti wa kifalme badala ya mdogo wake wa kiume. Tamthilia ilimwondoa Arianne, na sheria ikaondoka naye. Nafasi yake ikajazwa na Ellaria, mpenzi wa ndugu wa mtawala aliyeuawa, ambaye kitabuni anaomba kisasi kikome, lakini katika msimu wa 6, mwaka 2016, anamchoma kisu mtawala. Mwenye hoja ya kisheria ametoka, mwenye kisu ameingia.

Waliozuliwa nao wanafaa kuangaliwa kwa makini. Robb wa kitabuni anamwoa Jeyne Westerling kwa sababu amelala naye na hataki kumvunjia heshima. Robb wa runingani anampenda Talisa, mganga wa majeruhi kutoka ng'ambo, mwenye ulimi mkali na historia yake. Ni faida, mtu angesema, mpaka anapochomwa visu tumboni akiwa mjamzito katika harusi ambayo Jeyne wa kitabuni hakuhudhuria kabisa. Perrin wa The Wheel of Time hana mke hadithi inapoanza kitabuni, lakini katika sehemu ya kwanza ya tamthilia, mwaka 2021, ana mke aitwaye Laila, mhunzi, na Perrin anamuua kwa shoka bila kukusudia kabla hatujamzoea. Mwanamke aliyezuliwa ili kifo chake kimpe mwanamume huzuni ya kutembea nayo ni mtindo wa zamani uliovishwa kanga mpya.

Yaliyompata Sansa Stark, binti wa Ned na Catelyn, katika msimu wa 5 wa Game of Thrones, mwaka 2015, yanaingia humu. Kitabuni anayeozwa kwa Ramsay Bolton ni msichana mwingine anayepitishwa kwa jina la Arya, mdogo wake Sansa. Waandishi waliona ni heri mateso yale apewe mtu ambaye watazamaji wanamjua. Usiku wa harusi kamera ikageuzwa, ikatulia usoni mwa Theon, kijana aliyelelewa nyumbani kwao, anayelazimishwa kutazama, tukaonyeshwa jinsi anavyoumia yeye. Seneta mmoja wa Marekani alitangaza kwamba ameacha kuitazama tamthilia hiyo, na mimi niliipumzisha mwaka mzima.

Hadithi za majoka na minara zinatuhusu nini sisi wa kando ya ziwa?

Nitaeleza nilichokiona. Jioni moja pale Mwaloni, Kirumba, ndani ya kibanda umiza chenye mabenchi sita na harufu ya dagaa iliyokwisha kuzama kwenye mapazia, kijana mwenye kibanda aliweka sehemu ya 6 ya msimu wa kwanza wa The Wheel of Time, huku akitafsiri mwenyewe kwa kipaza sauti. Inaanza na binti mdogo, Siuan, akivua samaki na baba yake. Wanarudi wanakuta nyumba yao imechomwa moto, kwa sababu majirani wamejua kwamba mtoto ana nguvu za ajabu, na baba anaagana naye ili aende kwenye Mnara Mweupe, wanakofunzwa wanawake wenye nguvu hizo. Mama mmoja muuza dagaa, aliyeketi karibu na mlango ili asikie akiitwa, akasema kwa sauti ya kawaida tu:

"Huku kwetu huyo mtoto angeishia kuanika."

"Mama, hiyo ni filamu," kijana wa kibanda akamjibu.

"Najua ni filamu, mwanangu. Nimesema angeishia kuanika."

Watu walicheka, lakini kila aliyekuwemo alijua anasema nini. Katika mialo yetu wanaume ndio hupanda mtumbwi, na wanawake husubiri ufukweni wanunue, waanike, wafungashe na wasafirishe; hata mwanamke anayemiliki mtumbwi na mashine yake huwa kwa kawaida anaajiri wavuvi wa kiume. Mama yule hakushangazwa na uchawi. Alishangazwa na kuona mtoto wa kike mtumbwini, akivuta kamba pamoja na baba yake, na hakuna anayeuliza anafanya nini pale.

Siuan huyo anakuja kukalia kiti kikuu cha Mnara, ambako wafalme hutetemeka wakiitwa. Kitabuni anaendelea kuzungumza kwa mifano ya samaki, nyavu na mashua mpaka wenzake wanachoka, na msomaji wa Ukerewe au Sengerema atamwelewa haraka kuliko msomaji wa mji usio na maji. Tamthilia ilipunguza mifano hiyo, ikatoa badala yake utoto wake pamoja na mapenzi kati yake na Moiraine, mwanamke mwenzake wa Mnara, ambayo kitabu cha utangulizi kiligusia kwa kupitia tu. Kijana wa kibanda, kwa kuwahofia wazee waliokuwemo, alishika rimoti akaruka kipande hicho. Matokeo yake Siuan alipomfukuza Moiraine mbele ya baraza zima, huku sauti ikimkatika, benchi la nyuma likaamua kwamba huyu sasa ndiye adui. Uamuzi mchungu kuliko wote katika sehemu ile, wa mtu anayemhukumu ampendaye ili kuilinda siri yao, ulipita bila kuonekana kwa sababu ya sekunde chache zilizorukwa. Siandiki haya kumsuta kijana. Kila mtafsiri, awe wa Mwaloni au wa Hollywood, ana rimoti yake.

Kiswahili hakitofautishi "yeye" wa kike na wa kiume. Je, hilo lina athari?

Lina athari kubwa kuliko tunavyodhani. Katika vitabu vya Jordan kila mtu anajua kwamba Joka Aliyezaliwa Upya, mkombozi aliyetabiriwa, atakuwa mwanamume, na Kiingereza kinalikariri hilo katika kila kiwakilishi. Utaratibu wote wa ulimwengu ule umesimama hapo: chemchemi ya nguvu za wanaume imetiwa sumu, wanaume wanaoichota hupata wazimu, na ndiyo maana wanawake wa Mnara wanatawala na mkombozi mwenyewe anaogopwa kama tauni. Tamthilia ikatangaza kwamba Joka anaweza kuwa mvulana au msichana, ikawaweka wanawake vijana wawili, Egwene na Nynaeve, kwenye orodha. Wasomaji wa Kiingereza waliwaka. Pale Kirumba hakuna aliyeshtuka, maana kwa Kiswahili "atakuja, atavunja, ataokoa" haikuwahi kutuambia lolote kuhusu jinsia.

Hata hivyo sikubaliani na badiliko lile, na si kwa ajili ya kuutetea uume wa Joka. Ikiwa wazimu huwapata wanaume peke yao, basi Joka wa kike asingekuwa na cha kuogopwa, na hofu inayobeba hadithi nzima inaanza kuvuja. Isitoshe, kufikia mwisho wa msimu Joka akawa kijana Rand, kama kitabuni. Mlango ulifunguliwa ili tuchungulie tu.

Upande wa pili wa jambo hili ni Éowyn, mwanamke mpiganaji anayemuua bwana wa Nazgûl, watumishi wa kutisha wa adui, katika kitabu cha Tolkien na katika filamu ya mwaka 2003. Kuna utabiri kwamba hakuna "man" atakayemwangusha bwana huyo, na kitendawili chake kinategemea neno hilo moja la Kiingereza linalobeba maana mbili, mwanadamu na mwanamume. Mfasiri wa Kiswahili akiandika kwamba hakuna "mtu" awezaye kumuua, Éowyn naye ni mtu, na ushindi wake unakuwa uongo wa utabiri. Akiandika "mwanamume", kila msikilizaji anajua jibu kabla farasi hajafika uwanjani. Nimejaribu mara nyingi. La kuridhisha sijalipata.

Kwa nini wahusika huongezwa umri?

Kwa sababu za kisheria na za kibinadamu: mtoto hawezi kuigizishwa mambo ambayo Martin ameyaandika, na saa za kazi za waigizaji watoto zina mipaka. Daenerys anaozwa akiwa na miaka 13 kitabuni, Sansa ana 11 na Arya 9 hadithi inapoanza. Runingani wote wamesogezwa mbele. Hasara ni kwamba mtazamaji anaona mke kijana pale ambapo msomaji aliona mtoto aliyeuzwa na kaka yake. Msomaji wa Kanda ya Ziwa hahitaji fantasia kulielewa hilo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, Mahakama Kuu ikaamua mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019.

Je, kuna tamthilia iliyomtendea mwanamke vizuri kuliko kitabu?

Zipo. Katika hadithi za Andrzej Sapkowski wa Poland, kwamba mchawi Yennefer aliwahi kuwa na kibyongo ni jambo ambalo Geralt, mwindaji wa mazimwi, analibaini kwa kumtazama, na halielezwi kwa kirefu. The Witcher ya mwaka 2019 ilimpa utoto, baba wa kambo anayemuuza, mafunzo, na ule uamuzi wa kubadilisha mwili wake akijua kwamba hatazaa. Anajuta, anamlaumu kila mtu, na bado uamuzi ni wake.

House of the Dragon ya mwaka 2022 inanipa shida zaidi. Kitabu chake, Fire & Blood cha mwaka 2018, kimeandikwa kama historia ambayo mashahidi wake wanapingana, na malkia Alicent humo amemzidi Rhaenyra, binti wa mfalme na mrithi wake, karibu miaka 9, yeye ni mama wa kambo na mshindani. Tamthilia iliwafanya marika na marafiki, na misimu yake inayofuata imejengwa juu ya urafiki uliovunjika; hiyo ni faida ambayo kitabu hakina. Kisha ikaja kuharibu. Alicent wa kitabuni anafanya njama ya kumtawaza mwanawe kwa macho makavu. Wa runingani anasikia maneno ya mume anayekata roho, anayaelewa vibaya, na vita vinazuka kwa bahati mbaya. Wamemsafisha mpaka wamemwondolea makusudi. Mwanamke mwovu anayejua anachokitaka ni mhusika kamili zaidi kuliko mwanamke mwema aliyekosea kusikia.

Wanaume je, hawabadilishwi?

Hubadilishwa, na ni aibu kwamba hatuulizi mara nyingi. Jaime Lannister wa vitabu vya Martin anapokea barua ya Cersei, pacha na mpenzi wake, ya kuomba msaada na kuitupa motoni. Wa runingani anarudi kufa naye mwaka 2019. Lakini mfano ninaoupenda ni Lan, mlinzi wa Moiraine, ambaye Jordan anamwandika kana kwamba uso wake umechongwa kwenye mawe. Katika sehemu ya 5 ya msimu wa kwanza, mlinzi mwenzake amekufa, na Lan anasimama katikati ya waombolezaji, anajipiga kifua, analia kwa sauti kwa niaba ya wote. Kwetu mwanamume huambiwa ajikaze msibani, asimamie kaburi na chakula, kilio awaachie wanawake. Pale kibandani hakuna aliyecheka.

Naweza kutazama na watoto?

Game of Thrones, House of the Dragon na The Witcher ni za watu wazima, na kuwepo kwa joka hakubadilishi hilo. The Wheel of Time ni kwa vijana wakubwa, mzazi akiwa karibu.

Ngano zetu zikigeuzwa tamthilia, wanawake wake wataonekanaje?

Hapa ndipo ningependa waandishi wetu waanze kazi, na Wasukuma wana ngano inayofaa kabisa. Zimwi Shing'weng'we limemeza watu wote na mifugo yote duniani, isipokuwa mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye makapi. Anajifungua mtoto, Masala Kulangwa, ambaye akikua anauliza watu wako wapi. Anaua panzi, anamletea mama yake: huyu ndiye Shing'weng'we? Siye, mwanangu. Analeta ndege, kisha mnyama mkubwa kidogo, na kila mara mama anamwambia siye, mpaka siku anapoliua zimwi lenyewe na kulipasua tumbo. Watu wanatoka wazima, lakini kisu kimemkata sikio bibi kizee mmoja, naye badala ya kushukuru anaapa kulipiza kwa uchawi.

Stelingi ni Masala, hilo halina ubishi. Ila hesabu wanawake: mmoja hana jina, wa pili ni mchawi. Mtu akiigeuza kuwa tamthilia ya sehemu 8 atalazimika kuonyesha miezi ambayo mwanamke yule aliishi peke yake katika dunia tupu, akila nini, akijizalisha vipi, akimfundisha mtoto lugha ambayo hakuna mwingine wa kuizungumza naye. Atalazimika kuonyesha pia kwamba ni yeye pekee anayejua zimwi lina sura gani, na kwamba bila majibu yake kijana angesherehekea panzi. Hakuna haja ya kumpa mkuki. Na bibi kizee naye apewe dakika zake: ametoka gizani baada ya miaka, na kitu cha kwanza kilichomgusa ni kisu.

Niliposimuliwa ngano hii nikiwa mdogo, nilimuuliza bibi yangu mama yule aliitwa nani. Alifikiri kidogo.

"Mama Masala," akasema.

"Na kabla hajamzaa Masala?"

Akaniambia nikaongeze kuni.